Binti amerudi, baba hamsemeshi

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Wiki iliyopita baba yake alimkataza kwenda kwaya mpaka alama za hesabu zipande. Akatoroka, akalala siku mbili kwa rafiki yake, kisha akarudi mwenyewe. Tangu arudi baba yake hamsemeshi, na anataka kumhamishia kijijini kwa bibi. Mimi naogopa kumuuliza chochote asije akaondoka tena. Nifanyeje?*
*Mama mwenye hofu, Mbagala*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Kuna swali moja lisilongoja. Leo hii, mkiwa wawili mnaanua nguo au mnachambua mboga, muulize kama kuna mtu aliyemgusa au kumtisha huko alikokuwa. Akisema ndiyo, usimwulize alifuata nini, nendeni hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, lakini hata zikiwa zimepita nendeni vilevile, maana vipimo na matibabu mengine yapo. Kisha nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Lakini anayenitia wasiwasi zaidi ni mumeo. Iko filamu ya Miloš Forman ya mwaka 1971, *Taking Off*, kuhusu wazazi wa Marekani ambao binti yao, Jeannie, ametoroka kwenda kwenye usaili wa waimbaji. Baba anatoka kumtafuta, anaishia baa. Kumbe binti karudi nyumbani mwenyewe. Baba anaingia amelewa, na mtoto anaondoka tena. Nilitamani kumshika yule baba mkono: aliyekuwa akimtafuta mjini alikuwa sebuleni kwake!

Hujaandika kwamba mumeo analewa. Ila kimya chake kinamwambia binti kwamba hatakiwi, na mtoto akishaamini hivyo safari ya pili haitakuwa kwa rafiki. Mwombe amwambie tu, "Nimefurahi umerudi." Hesabu zitafuata kesho yake. Akikaza, mtumie kaka yake anayemheshimu, peke yake. Usiitishe kikao cha ukoo na binti kakalishwa katikati.

Kijijini asiende. Kumhamisha shule akiwa amekaribia mtihani wa kidato cha nne kutaziumiza hizo hesabu mnazozigombania.

Hata hivyo, kutoroka kusipite hivihivi. Awaombe radhi ninyi wawili, kisha mwende naye kwa mama wa rafiki yake, ambaye naye alipaswa kukupigia simu usiku ule ule. Mwambie hivyo kwa upole. Binti mtafutieni wa kumfundisha hesabu, hata mwanafunzi wa chuo hapo mtaani. Na kwaya arudishiwe sasa, asingoje matokeo, kwa sharti la kurudi kabla ya giza. Mazoezi ya kwanza baba yake mwenyewe ampeleke.