SOMO: MATUMIZI YA GIA YA MAGURUDUMU MANNE

Katika Land Rover Series III ya silinda nne, iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985, injini huendesha kwa kawaida magurudumu ya nyuma tu. Wenzo wa manjano ukibonyezwa, ekseli ya mbele hufungamanishwa na ya nyuma, zikazunguka kwa mwendo mmoja. Lakini gari likipinda kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu zaidi. Matopeni tairi huteleza kidogo na mkazo huisha. Kwenye lami haziwezi, hivyo hulika upesi na mitambo huumia. Basi dereva wa chama akishavuka tope, asimamishe gari, auvute nyuma wenzo mwekundu, kisha ausukume mbele. Ule wa manjano utaruka juu. Katibu naye akague tairi mara kwa mara, kwani hununuliwa kwa jasho la wanachama.