Samaki wadogo wa maji ya chumvichumvi: chumvi kwanza, samaki baadaye

Mto unapokutana na bahari, kama kwenye delta ya Rufiji, maji hayawi baridi, yaani yasiyo na chumvi, wala hayawi ya bahari. Bamvua hupandisha chumvi, mafuriko ya mto huishusha. Samaki wa mahali kama hapo huvumilia mengi, ila anapofungiwa kwenye kioo uhai wake wote unategemea maji unayomtengenezea. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza.

Nianze na samaki gani?

Kwa tangi la lita 60, chagua gobi wa milia ya nyuki, wa jenasi Brachygobius, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Ni wadogo mno, aghalabu sentimita 3 au 4. Mapezi yao ya tumboni yameungana, nao huyatumia kujibandika kwenye mawe. Dume hushika pango lake na kulinda mayai humo, kwa hiyo weka magamba matupu ya konokono na vipande vifupi vya bomba, kila mmoja apate pa kujificha. Nunua sita au zaidi.

Moli naye ni mzuri. Akizoeshwa taratibu huweza kuishi hata kwenye maji ya bahari. Lakini mpe tangi lake, maana ni mwepesi na atawanyang'anya gobi chakula. Samaki mmoja nakusihi umwache dukani: mono, yule bapa wa rangi ya fedha. Akiwa mdogo anapendeza sana, kisha hukua hadi sentimita 25.

Chumvi ya jikoni haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo samaki wengi wanapopotea. Hata chumvi ya mawe iliyotoka baharini si bahari iliyokauka. Kwenye mabwawa ya chumvi, kama yale ya Gongoni au Bagamoyo, jua linapokausha maji, chokaa na jasi hutangulia kuganda na kubaki chini. Kisha huganda chumvi yenyewe, na maji machungu yenye magnesi humwagwa. Unachonunua gengeni ni sodiamu kloridi karibu tupu. Ukiitia kwenye tangi utapata maji yenye ladha ya chumvi lakini yasiyo na kalisi, magnesi wala kile kinachozuia maji kugeuka asidi. Samaki hawa wanavihitaji vyote.

Naishi Mombasa. Nichote maji baharini?

Chota, ni bora kuliko chumvi ya jikoni kwa mbali. Nenda maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mifereji ya maji taka, na usichote baada ya mvua kubwa. Yachuje kwa kitambaa safi. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Lita 1 ukiichanganya na lita 6 za maji baridi, unapata gramu 5 kwa lita, na mimi huwaanzishia gobi hapo. Lita 1 kwa lita 3 inakupa karibu gramu 9, nao wataishi vizuri vilevile. Hidromita, kifaa cha kupimia uzito wa maji ya chumvi, itasoma kati ya 1.004 na 1.007.

Aliye Dodoma au Kampala atafute chumvi inayotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa baharini. Ni ghali, lakini kwa kipimo hiki kidogo mfuko hukaa muda mrefu.

Maji yakipungua kwa joto niongeze ya chumvi?

Hapana. Yanayopaa ni maji, chumvi hubaki tangini. Jazia maji baridi yasiyo na klorini mpaka kina cha awali. Ya chumvi ni ya siku ile ya kubadilisha sehemu ya maji.

Mbona samaki wangu hufa wiki ya pili?

Tangi lilikuwa bado changa. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na bakteria wa kuigeuza huchukua wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye kichujio. Maji ya chumvichumvi yana hatari zaidi kwa sababu pH yake huwa karibu 8, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa sumu kali. Pima amonia na nitriti, sumu nyingine ambayo bakteria huitoa kwenye amonia. Zote zisome sifuri kabla hujanunua samaki. Na usipandishe chumvi ghafla, kwani bakteria nao hushtuka.

Wanakataa chakula cha kopo.

Gobi hula kinachotembea. Wape artemia, vijiduvi vya maji ya chumvi, waliototolewa nyumbani, au viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye beseni la maji safi. Beseni hilo likague kila siku, lisije likatoa mbu hata mmoja. Uduvi wabichi waliokatwakatwa huwazoesha chakula kisichotembea.

Na bunju mdogo mwenye alama za nane mgongoni?

Mfuge peke yake, kwani hung'ata mapezi ya wenzake. Hufika sentimita 8. Meno yake hayaachi kukua, hivyo apate konokono wenye magamba ya kutafuna.

Nikichoka, niwaachie mtoni?

Kamwe, hata kama wanaonekana wazima. Samaki wa kigeni anaweza kupeleka magonjwa na kuwapora wa kwetu chakula na mazalio. Mrudishie muuzaji au mpe mfugaji mwingine, na maji ya tangi uyamwage chooni, si kwenye mfereji unaoelekea mtoni.