Manahodha Wengi Katika Mkoba wa Nyanya

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hii nilifunzwa darasani, lakini maana yake niliipata likizo ya Agosti nilipokuwa kwa nyanya.

Nyanya yangu ana maradhi matatu: sukari, presha na maumivu ya magoti. Sukari hutibiwa kliniki moja, presha nyingine. Magoti nayo hutibiwa na yeyote yule: duka la dawa sokoni, au jirani aliyebakisha tembe. Kila mmoja anashika usukani bila kujua kwamba mwenzake yumo chomboni.

Likizo hiyo miguu yake ilivimba, na presha ikakataa katakata kushuka.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "hizi dawa za presha ni bure tu. Sijaruka hata siku moja!"

Nikamsindikiza kliniki. Daktari alipima presha, akatikisa kichwa, akashika kalamu ili aongeze dawa nyingine. Kabla hajaandika akauliza, "Mama, mbali na hizi, unameza nini kingine?"

"Hakuna, mwanangu," nyanya akajibu.

Mimi nilikuwa nimebeba mkoba wake. Nikaufungua, nikamwaga kila kitu mezani. Lo! Vidonge vya kila rangi. Daktari akatenga pakiti mbili, ibuprofeni na diklofenaki, akasema, "Hizi ni ndugu wa tumbo moja."

Alitueleza kwamba dawa hizo za maumivu huzuia chumvi na maji mwilini. Hivyo miguu huweza kuvimba na presha kupanda. Tena nyanya alikuwa akimeza enalaprili pamoja na haidroklorothiazaidi, ile dawa ya presha inayomfanya mtu akojoe sana. Tatu hizi zikikutana, figo huweza kuumia, hasa kwa mzee mwenye sukari. Kumbe dawa moja ilikuwa ikibomoa kile nyingine ilichojenga, nasi tulikaribia kuongeza ya tatu ya kupigana na ya kwanza!

Niliinamisha kichwa. Zile diklofenaki nilizinunua mimi, kwa pesa nilizoweka akiba, nikidhani ninampa nyanya zawadi.

Daktari alizisimamisha zote mbili, akampa parasetamoli kwa kipimo, akaagiza figo zipimwe. Mwezi uliofuata presha ilikuwa imeshuka. Figo, alhamdulilahi, zilikuwa nzima.

Wanafunzi wenzangu, kutokana na hayo nimejifunza mambo haya:

Kwanza, andika dawa zote za mgonjwa katika daftari moja: jina, kipimo, saa na sababu. Usiache za dukani wala za mitishamba. Kila aendako matibabuni, daftari na mkoba viende.

Pili, soma jina la dawa yenyewe, si lile kubwa la kiwandani pekee. Panadol ni parasetamoli, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli pia. Mtu huweza kuzidisha kipimo bila kujua.

Tatu, tatizo jipya likizuka, uliza kama limeletwa na dawa kabla ya kutafuta dawa nyingine.

Nne, anayemeza dawa ya sukari kama glibenklamaidi asiruke mlo. Sukari ikishuka mno hutoka jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa. Ikiwa bado anaweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi, kisha apelekwe hospitali.

Tano, usimwachishe mgonjwa dawa kwa akili yako mwenyewe. Mimi niliongeza kwa akili yangu, na mmeona yaliyotokea. Kupunguza pia ni kazi ya daktari.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami naongeza kwamba mficha dawa ni vivyo hivyo. Ukienda nyumbani likizo hii, ukishamwamkua nyanya au babu, mwombe akuonyeshe mkoba wake. Kisha chukua daftari na kalamu, uanze kuandika.