Kuku Aliyebaki Nyuma Asubuhi

Mfugaji, ukifungua banda alfajiri usiwatazame wanaokimbilia pumba. Mtazame aliyebaki nyuma: manyoya kayatutumua, macho kayafumba nusu, mabawa yamelegea. Kuku wa kienyeji huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Ukimwona hivyo, jua alianza kuugua siku kadhaa nyuma.

Mtenge kwanza, dawa baadaye. Tenga lenye majani makavu, mahali pasipo upepo, linatosha. Mpe chombo chake cha maji, na pumba iliyolainishwa kidogo kwa maji. Hudumia wazima kwanza, yeye awe wa mwisho, kisha nawa kwa sabuni na ubadili viatu. Nasisitiza viatu kwa sababu kinyesi kilichonata kwenye soli hubeba ugonjwa kutoka kwenye tenga mpaka bandani, na kutoka kwa jirani mpaka kwako.

Sasa mkague. Papasa gole kabla hajala. Asubuhi linatakiwa liwe tupu. Inua mabawa utafute chawa na utitiri. Vipele vyenye magamba kwenye upanga ni dalili ya ndui, inayoenezwa zaidi na mbu. Safisha vidonda, mlishe vizuri, wengi hupona. Kinyesi chenye damu, hasa kwa vifaranga, kinaashiria koksidiosisi. Hiyo hushamiri kwenye maranda yaliyolowa, na ina dawa ukiwahi.

Kinachonitia hofu kila Juni, kiangazi kikianza, ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku hutoa kinyesi cha kijani, huhema mdomo wazi, na wengine hupinda shingo au kupooza. Kundi lisilochanjwa linaweza kuteketea karibu lote kwa siku chache. Unasababishwa na kirusi, na hauna tiba. Antibiotiki ya dukani haiui kirusi. Shubiri na pilipili, tulizorithi kwa bibi zetu, haziponyi mdondo pia. Naelewa uchungu wa kukaa bila kufanya lolote, lakini fedha ya dawa hizo ingenunua chanjo.

Na tafadhali, usiwakimbize wagonjwa gulioni kabla hawajafa. Kila kijiji watakachopitia kitalia baada yako. Mwite afisa mifugo wa kata. Mizoga ichomwe au ifukiwe shimo refu, mbwa wasiifukue. Kwa kuku uliyempa dawa ya ugonjwa mwingine, soma kibandiko: kina idadi ya siku ambazo mayai na nyama yake havifai kuliwa.

Chanjo ni kwa walio wazima tu. Aliyekwisha kuugua haitamwokoa. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hustahimili joto kuliko nyingi za mdondo, ndiyo maana inafaa vijijini kusikokuwa na friji. Ni tone moja kwenye jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wachanje jioni wakiwa wamelala, ni rahisi kuwakamata.

Chupa moja huchanja mamia ya kuku, nawe labda unao kumi na wawili. Zungumza na majirani wiki hii, mchange fedha, mchague siku moja, na kuku wa mtaa mzima wachanjwe pamoja.