Kuvu Akionja Chumvi

Papa wa chumvi na ng'onda ni chakula chenye heshima mwambao wetu. Katika kazi yangu ya usalama wa chakula, wauzaji na akina mama jikoni huniuliza jambo moja kila msimu wa mvua: chumvi yote hii, ukungu umetoka wapi?

Chumvi humzuiaje kuvu?

Kwa kumnyima maji. Chumvi huyavuta na kuyashika yale maji ambayo viumbe wadogo wangeyatumia. Wataalamu hupima maji yaliyo huru kwa kipimo cha 0 hadi 1. Samaki mbichi yuko karibu na 0.99, na maji yaliyoshiba chumvi yako 0.75. Bakteria wengi hushindwa kuzaliana chini ya 0.91. Kuvu ni wavumilivu zaidi, na wachache huishi hata penye chumvi tele.

Mbona papa aliyekauka huota ukungu?

Tazama pande lililokaa gengeni wakati wa masika. Juu linang'aa kwa unyevu, na kwenye mikunjo pana vumbi la kijivu au la kahawia. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi huyanyonya maji ya hewani na samaki hulowa upya. Pia chumvi haikuingia sawasawa: ngozi imeshiba, lakini nyama nene ya ndani imepata kidogo.

Kuvu akibanwa na chumvi hufanya nini?

Hujitetea. Chembe zake huhisi kwamba maji yanatoka, zikapelekeana ishara, kisha zikatengeneza gliseroli ili kuyazuia. Baadhi ya kuvu huongeza na sumu. Watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, wamemchunguza *Penicillium nordicum*, anayeota kwenye nyama za kukaushwa kwa chumvi huko Ulaya. Huyu hutoa okratoksini A, sumu inayodhuru figo. Kila molekuli ya sumu hiyo hubeba atomu moja ya klorini, na chumvi ni sodiamu na klorini. Maelezo yao ni kwamba kuvu huitumia sumu kutoa nje klorini iliyomzidi. Ndugu yake, *Penicillium verrucosum*, hutengeneza pia sumu iitwayo sitrinini, lakini chumvi ikipanda huegemea okratoksini.

Je, kila kuvu yuko hivyo?

La. *Aspergillus flavus*, mzalishaji wa aflatoksini, hudhoofika chumvi ikiwa nyingi. Aflatoksini ndiyo iliyokuwa kwenye mahindi yaliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004. Kwa hiyo tusiseme chumvi huleta sumu. Hatari iko pale chumvi inapotosha kumsumbua kuvu, lakini haitoshi kumzuia.

Nikikwangua ukungu na kumchemsha samaki vizuri?

Usijidanganye, ndugu yangu. Unachokwangua ni kile kinachoonekana. Nyuzi za kuvu huzama ndani ya nyama. Nayo okratoksini, kama aflatoksini, huvumilia moto wa jikoni. Samaki aliyeota ukungu mtupe, na usimpe kuku wala paka.

Tufanye nini basi?

Mpasue samaki mara tu anapofika pwani, umchanje penye nyama nene, na chumvi uisugue hadi ndani ya mikato. Mwanike juu ya kichanja, asiguse mchanga, na umwingize ndani kabla umande haujashuka. Mhifadhi mahali pakavu penye hewa, si kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa angali na unyevu. Mvua ikinyesha siku nyingi, jua likitoka tu mwanike tena.

Na ukimloweka ili kupunguza ukali, kumbuka kwamba chumvi inayobaki kwenye lile bakuli ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Mwaga maji, mpike siku hiyohiyo.