Kusafisha Maji: Makaa Hayanasi Kila Kitu

Wakulima wengi wa Shimba Hills, Lunga Lunga na Msambweni wanajua kuchuja maji kwa mchanga na makaa ya vifuu. Ni desturi njema. Lakini siku hizi maswali yamegeuka. Tangu watu wa Uyombo, Kilifi, walipoupinga mwaka 2024 mpango wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia kwao, neno "mionzi" limeingia katika mabaraza yetu, na wako wanaouliza: Je, maji yakiingiwa na sumu ya mionzi, makaa yatayasafisha? Jibu ni hapana, na yafaa ujue sababu yake, maana huenda siku moja mtu akakujia na kichujio cha makaa, akakuapia kwamba chaondoa kila sumu, na bei yake ikawa sawa na mbuzi wawili.

Kwanza tuelewe namna makaa yanavyofanya kazi. Sifongo hunyonya maji yakaingia ndani yake, na ukiikamua yanatoka. Makaa hayafanyi hivyo. Makaa hunasa. Ukipita shambani wakati wa kiangazi, mbegu za kishonanguo hushika nguo yako, lakini hazishiki jembe ulilolibeba. Nguo ina nyuzi zinazolingana na vimiba vya mbegu, jembe halina. Ndivyo ilivyo ndani ya maji. Kila kitu chenye kunasa kina uso wake, na uso huo hushika baadhi ya vitu na kuviachia vingine. Makaa ya vifuu yana matundu madogo mno yasiyohesabika, na kwa sababu hiyo uso wake ni mkubwa ajabu. Yale ya kiwandani hupikwa tena kwa mvuke ili matundu yazidi. Uso huo hushika rangi, harufu, na dawa nyingi zilizotengenezwa kwa mafuta. Chumvi haishiki.

Jaribu mwenyewe. Chukua kopo, litoboe chini, weka kitambaa, kisha mchanga uliooshwa, kisha makaa yaliyopondwa na kuoshwa. Mimina polepole maji yenye matone machache ya wino. Yatatoka yamepauka, na ukizidisha makaa huenda yakatoka meupe kabisa. (Usiyanywe.) Sasa tengeneza kopo jingine lenye makaa mapya, upitishe maji safi uliyotia kijiko cha chumvi. Onja. Chumvi ni ile ile. Watu wa Diani ambao visima vyao vimeingiwa na maji ya bahari hawahitaji hata kujaribu. Wanajua kwamba hakuna makaa yaliyowahi kuyafanya maji yale yawe matamu.

Nimekaa sana juu ya chumvi kwa kuwa sesiamu, ile sumu ya mionzi inayotajwa sana, ni ndugu yake. Iko katika ukoo mmoja na sodiamu iliyo ndani ya chumvi ya chakula, na potasiamu iliyo ndani ya mbolea ya potashi. Huyeyuka majini kama hizo, haina rangi wala harufu, hupita katika makaa kama hizo. Kuchemsha nako hakusaidii. Wenye kuvuna chumvi Gongoni huliacha jua lichukue maji, chumvi ikabaki. Vivyo hivyo ukichemsha maji yenye sesiamu utapunguza maji tu, na yaliyobaki yatakuwa makali zaidi. Wala kungoja si dawa, kwa maana sesiamu 137 huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu yake.

Basi nini hunasa sesiamu? Viko vitu vitatu vinavyojulikana sana. Cha kwanza ni udongo wa mfinyanzi wa namna fulani, wenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu kikuukuu. Pindo za kurasa hizo zimeachana kidogo, na chembe ya sesiamu huingia pale palipokuwa pa potasiamu, ikakwama. Si kila mfinyanzi una nguvu hiyo, na mchanga wetu wa pwani una kidogo sana. Cha pili ni zeoliti, jiwe litokanalo na majivu ya volkano, lenye vijumba vidogo ndani yake. Cha tatu ni rangi iitwayo buluu ya Prussia, iliyoanza kutengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya wachoraji, na ambayo baadaye ilionekana kuikamata sesiamu kwa nguvu kuliko karibu kila kitu kingine.

Baada ya kituo cha Chernobyl kulipuka mwezi Aprili 1986, sesiamu ilianguka juu ya malisho mbali hata Norway. Ng'ombe na kondoo walikula majani, na sumu ikaingia katika maziwa na nyama. Wafugaji wa huko walipewa mawe ya chumvi ya kulamba yaliyochanganywa na buluu ile. Ilinasa sesiamu tumboni mwa mnyama, ikatoka na mavi. (Buluu ya kufulia inayouzwa dukani siyo dawa hii. Usimpe mnyama, wala usiionje.)

Huko Fukushima, Japani, mawimbi ya bahari yalivunja kituo cha nyuklia tarehe 11 Machi 2011, na maji ya kupoza mitambo yakajaa sesiamu. Yalipitishwa katika mitungi ya zeoliti na vitu vingine vya kunasa, na kazi ilikwenda vizuri. Hata hivyo, kitu kimoja kiitwacho tritiamu kiliwashinda, kwa sababu chenyewe ni sehemu ya maji. Hakina pa kunaswa. Wakulima wa huko nao walitia potashi katika mashamba ya mpunga, ili mmea ushibe potasiamu na usiitafute sesiamu.

Lakini sikiliza jambo hili. Mwaka ule ule wa 2011 magunia ya zeoliti yaliwekwa katika vyumba vya chini vya majengo mawili, yanase sesiamu. Yalinasa barabara. Sasa magunia yenyewe yana mionzi mikali kiasi kwamba mtu hawezi kuyakaribia, na kazi ya kuyatoa imebidi ipangwe kwa mashine zinazoongozwa kutoka mbali. Kitu chenye kunasa hakiui sumu. Huihamisha tu kutoka majini na kuiweka mahali pamoja, na hapana budi pawe na mtu wa kupachunga mahali hapo.

Wa Mrima watauliza juu ya kilima chao. Ni kweli kina mionzi kuliko kawaida, na wataalamu wa miamba walilijua hilo tangu miaka ya 1950. Lakini hiyo ni mionzi ya thoriamu, iliyomo ardhini tangu dunia kuumbwa. Sesiamu 137 hutoka katika mitambo na mabomu ya nyuklia tu. Thoriamu haiyeyuki upesi majini, kwa hiyo usinunue zeoliti kwa ajili yake. Linalofaa huko ni kufungua madirisha ya nyumba za udongo kila siku, maana udongo ule hutoa gesi, na kupeleka maji ya kisima yapimwe kabla ya kutoa hata shilingi ya kichujio.

Njia ambayo sesiamu yaweza kumfikia mtu wa kijijini bila kituo chochote cha nyuklia ni vyuma vikuukuu. Mwezi Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, watu wawili walichukua mashine iliyoachwa katika hospitali iliyohamwa, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya sesiamu iliyong'aa buluu gizani. Watu waligawiana, watoto wakajipaka. Watu 249 walipatikana na sumu, na wanne walikufa, mmoja wao msichana wa miaka 6. Wagonjwa 46 walimezeshwa buluu ya Prussia.

Kwa hiyo wewe au vijana wako mnaookota vyuma vya kuuza, mkikuta chombo kidogo kizito kupita kiasi, au chenye alama ya mapanga matatu kama ya feni juu ya rangi ya manjano, msikivunje wala kukiosha kisimani. Kiacheni hapo hapo, wazuieni watoto, na mmoja aende kwa chifu au polisi, ambao watawaarifu Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

Na kichujio chako cha vifuu kiendelee na kazi yake. Badilisha makaa harufu inapoanza kurudi, na dawa ya klorini itie baada ya kuchuja, siyo kabla, kwa sababu makaa huinasa klorini nayo.