CHUO CHA SERIKALI AU CHUO BINAFSI?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, kila yatokapo matokeo ya kidato cha sita, wazazi hutujia madrasa na swali moja: "Ustadh, tumpeleke mtoto chuo kikubwa cha serikali au chuo binafsi?" Katika somo hili tutaeleza mambo manne ya kutazama kabla ya kuamua.

Kwanza tuelewe kwamba jina la chuo halitoshi kutuongoza. Wengi hudhani Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu ni cha serikali, kumbe ni chuo binafsi kilichofunguliwa mwaka 1998. Cha serikali ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).

1. Ithibati. Hakikisha chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mwaka 2016 baadhi ya matawi ya vyuo binafsi yalifungwa, na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Uliza kabla hujalipa.

2. Gharama mpaka mwisho. Kijana mmoja wa madrasa yetu aliingia chuo binafsi baada ya baba yake kuuza kiwanja. Fedha zilitosha mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili alirudi nyumbani. Kiwanja hakipo na shahada hakuna. Basi tupige hesabu yote. Ada ikiwa shilingi milioni 2 kwa mwaka, kwa miaka 3 ni milioni 6, bado chakula, malazi na vitabu.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukopesha wanafunzi wa vyuo vya serikali na vya binafsi, ingawa mkopo huenda usifikie ada yote. Zamani mkopo huo ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani, na baadhi ya wazazi waliukwepa kwa kuogopa riba. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Hata hivyo someni mkataba, waulizeni wanazuoni, na mkumbuke kuwa deni ni lazima lilipwe.

3. Masomo na walimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961, kina fani nyingi na maktaba kubwa. Lakini katika darasa la mamia ya wanafunzi, usipohudhuria huenda hakuna atakayekuuliza. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, ni kidogo zaidi na fani zake ni chache, lakini ni rahisi mwalimu kukujua. Anayejisukuma mwenyewe atafaidi pale pakubwa. Anayehitaji kushikwa mkono asione haya kuchagua padogo, maadamu fani yake ipo.

4. Dini. Mzazi asidhani kuwa chuo cha Kiislamu kitamswalisha mwanawe, wala kuwa chuo cha serikali lazima kitampoteza. Mlimani, Dar es Salaam, pana msikiti na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Anayeacha alfajiri akiwa nyumbani kwao, ataiacha popote aendako. Malezi yaanze sasa.

Mkishatazama hayo, shaurianeni, kisha mwanafunzi aswali istikhara. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha maswahaba istikhara kama alivyowafundisha sura za Qur'an. Istikhara haiondoi wajibu wa kuuliza na kupiga hesabu. Inakuja pamoja nao.

Zoezi: Kaa na wazazi wako. Andikeni vyuo viwili, kimoja cha serikali na kimoja binafsi, mvipime kwa mambo haya manne.

Tunamuomba Allah awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.